Baka Jeupe, Baka Jekundu: Mwongozo Kamili wa Kutambua Mabadiliko ya Kinywani Yanayotangulia Saratani

Saratani ya kinywa haiji kwa siku moja. Mara nyingi hutanguliwa na baka ndani ya mdomo, jeupe, jekundu au lenye rangi zote mbili, na baka hilo linaweza kukaa miezi au miaka bila kuuma. Kwa kuwa haliumi, mwenye nalo haoni haja ya kwenda popote. Akienda, tunampa dawa ya fangasi. Akirudi tunampa tena. Akirudi mara ya tatu tunampa ile ile. Hapo ndipo muda unapopotelea. Inaniumiza kuona mtu anafikishwa Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago uvimbe umeshatoboa shavu, ilhali alishafungua mdomo mbele ya wahudumu wa afya zaidi ya mara moja, aking'olewa jino au akichukua dawa.

Kinywa huonekana kwa macho na hufikika kwa kidole. Mwaka 1996, huko Trivandrum katika jimbo la Kerala nchini India, watafiti walianza kuwatuma nyumba kwa nyumba wahudumu wasio madaktari, waliofundishwa kukagua midomo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa takriban theluthi moja. Kazi yenyewe ilifanywa kwa mwanga, macho na utaratibu.

Nawaandikia maafisa wa meno wa vituo vya afya vya ngazi ya nne, matabibu, wauguzi wa kliniki za ARV, na wenzetu wa VHT, yaani timu za afya za vijiji, wanaoingia majumbani kuliko sisi sote. Msomaji asiye mhudumu wa afya pia atafaidika, hasa kwenye sehemu za maswali na za kukagua, lakini hatua ya kukata kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara, aiachie mikono iliyofundishwa.

Kwanza, ujue unachokitafuta

Mwaka 2005 wataalamu walioitishwa chini ya Shirika la Afya Duniani walikubaliana kuyaweka mabadiliko haya yote kwenye kundi moja: magonjwa ya kinywa yenye uwezekano wa kugeuka saratani. Kwa kazi yetu, maana yake ni kwamba hatari haiko kwenye baka peke yake. Mtu mwenye baka shavuni anaweza kuja kupata saratani ya ulimi, kwa sababu moshi na pombe vimepita kinywa kizima. Anayefuatiliwa ni mtu mwenyewe, pamoja na lile doa lake.

Lukoplakia ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Ni baka jeupe lisilofutika, ambalo huwezi kulieleza kwa ugonjwa mwingine wowote unaojulikana. Unaifikia kwa kuondoa mengine yote kwanza. Ipo iliyo tambarare, nyembamba, yenye weupe wa namna moja. Hiyo haina haraka sana. Ipo isiyo sawasawa: yenye madoadoa mekundu ndani ya weupe, vinundu, au uso uliosimama kama sugu. Hiyo ya pili ina hatari kubwa zaidi, mara kadhaa kuliko ya kwanza. Ukizichukua zote kwa pamoja, makadirio yanayotumika sana ni kwamba kati ya watu 100 wenye lukoplakia, 1 hadi 2 hupata saratani kila mwaka. Ni wachache kwa mwaka mmoja, lakini zidisha kwa miaka kumi. Kuna pia aina inayotambaa kutoka ufizi mmoja hadi mwingine, ikikatwa inarudi, na huwapata zaidi wanawake wenye umri mkubwa ambao wengi wao hawajawahi hata kuonja tumbaku. Usimwondolee mama wa miaka sabini wasiwasi kwa sababu tu havuti.

Erithroplakia ni baka jekundu, laini kama mahameli, lenye mpaka unaoonekana. Ni adimu, na ndiyo mbaya kuliko zote. Watafiti Shafer na Waldron walipochunguza mabaka 65 ya namna hii mwaka 1975, asilimia 91 yalikuwa tayari ni saratani au yalikuwa yamefika ukingoni kabisa mwa saratani. Kwa sababu hiyo nasisitiza: wekundu unatisha kuliko weupe. Wengi wetu tulifundishwa kuogopa baka jeupe, na jekundu tukaliita kuungua kwa chai.

Kwa mtu anayetafuna tambuu yenye popoo, au mchanganyiko wa popoo unaouzwa kwa vipakiti, tafuta kitu tofauti: utando wa kinywa unaopauka na kukakamaa, nyuzi ngumu unazozihisi ukipitisha kidole ndani ya shavu, mdomo unaokataa kufunguka, na pilipili isiyovumilika tena. Popoo husababisha saratani hata bila kuchanganywa na tumbaku.

Likeni planasi huonekana kama mistari myeupe iliyosukana mithili ya wavu, mashavu yote mawili kwa pamoja. Takriban mgonjwa 1 kati ya 100 huishia na saratani baada ya miaka mingi. Na kwenye mdomo wa chini, kwa watu wenye ualbino na kwa wanaoshinda juani ziwani au shambani, angalia magamba, mipasuko isiyopona, na mpaka kati ya mdomo na ngozi unaofifia.

Maswali yanayofungua jambo

Usimuulize mtu, "Unavuta sigara?" Atajibu hapana, na atakuwa amesema kweli, huku ugoro uko chini ya mdomo wake. Uliza hivi: "Mzee wangu, tumbaku unaitumiaje?" Halafu nyamaza, umpe nafasi. Wapo wanaovuta sigara, wapo wanaovuta kiko, wapo wa ugoro, wapo wa shisha, na wapo vijana wa kuberi, ile tumbaku ya vipakiti inayobanwa kati ya shavu na ufizi. Sheria ya Uganda ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 ilipiga marufuku tumbaku isiyovutwa pamoja na shisha, kwa hiyo mtu anayetumia kuberi anaogopa kukutajia. Mwambie wazi kwamba hapo ni hospitali, si polisi.

Ukishajua anatumia nini, muulize anakiweka wapi, na umwombe aonyeshe kwa kidole. Mara nyingi kidole chake kitakuelekeza moja kwa moja kwenye baka. Vivyo hivyo kwa mairungi: mtafunaji huweka majani upande mmoja, na weupe wa upande huo utaulinganisha na upande wa pili.

Pombe iulize kwa vipimo vya mtaani. "Kidogo tu" haikusaidii. Ni glasi ngapi za waragi, siku ngapi kwa wiki, kwa miaka mingapi? Tumbaku na pombe zikikutana kwa mtu mmoja, madhara yao huzidishana, hayajumlishani tu. Kwa wanawake wazee uwe na subira ya pekee. Bibi anayetumia ugoro kwa siri hatakuambia mkwe wake akiwa amesimama mlangoni, kwa hiyo mwombe mkwe asubiri nje.

Yaliyobaki yaulize kwa haraka lakini usiyaache: baka lina muda gani, limekua au limebadilika rangi, kuna jino lenye ncha au meno bandia yanayosugua, alipaka au aliweka dawa gani hapo, hali ya VVU na kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi, historia ya kifua kikuu na kaswende, anapungua uzito, anatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Kukagua kinywa kizima, kwa mpangilio ule ule kila mara

Mahitaji ni machache: tochi yenye mwanga mweupe au taa ya kichwani, glavu, vioo viwili vya meno au kibao cha ulimi, vipande vya gozi, na rula ndogo. Mketishe mgonjwa kichwa kikiwa kimeegemea, na umwombe avue meno bandia. Hili la meno bandia husahaulika mno, na chini yake ndiko mabaka mekundu hujificha.

Anza nje. Tazama uso kama pande mbili zinalingana. Papasa shingo kuanzia chini ya taya hadi juu ya mtulinga, pande zote mbili, ukitumia ncha za vidole. Tezi inayouma na kuteleza mara nyingi ni ya maambukizi. Tezi ngumu, isiyouma, iliyoganda mahali pamoja, ni habari nyingine kabisa.

Kisha midomo: ikiwa imefungwa, halafu imefunguliwa. Pindua mdomo wa chini uone ndani yake mpaka unapokutana na ufizi, kisha wa juu. Tazama pembe za mdomo. Vuta shavu la kulia kwa kioo, uangalie kuanzia pembe ya mdomo hadi nyuma ya magego ya mwisho, rudia kushoto. Pita kwenye fizi zote, upande wa mashavu na upande wa ulimi.

Ulimi ndio unaotaka muda wako. Mwombe autoe nje, uangalie mgongo wake. Halafu ushike ncha kwa gozi, uuvute taratibu upande wa kushoto ili uone ukingo wa kulia hadi mwisho kabisa, pale karibu na koo, kisha geuza. Mwambie ainue ncha ya ulimi iguse kaakaa ili uone chini ya ulimi na sakafu ya kinywa. Kingo za ulimi na sakafu ya kinywa ndizo sehemu zenye hatari kubwa, na ndizo tunazoziruka kwa sababu zinahitaji kushika na kuvuta. Ukaguzi usioshika ulimi kwa gozi siuhesabu kuwa ukaguzi. Malizia na kaakaa gumu, kaakaa laini na nyuma ya koo, mgonjwa akisema "aaa".

Kila ulichokiona kiguse. Weka kidole kimoja ndani ya kinywa na kingine nje, ubane kidogo sakafu ya kinywa, shavu na mdomo. Baka la kawaida ni laini sawa na utando unaolizunguka. Lililo gumu chini yake tayari limeshuka ndani, na halina subira. Kwa mtafunaji wa popoo, mwambie afungue mdomo kadiri awezavyo na umpime nafasi kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hufikisha milimita 35 au zaidi. Kama huna rula, aweke vidole vyake vitatu kwa wima, visipoingia, andika.

Chora mdomo kwenye faili, uonyeshe mahali, ukubwa kwa milimita, rangi, uso wake na ugumu wake. Picha ya simu inasaidia sana, mgonjwa akikubali. Weka rula kando ya baka ili picha ya mwezi ujao ilinganishwe na ya leo, na usipige uso mzima.

Yanayofanana, na jinsi ya kuyaondoa

Hapa ndipo akili inapofanya kazi kuliko macho.

Futa kwa gozi kavu, kwa nguvu kidogo. Utando unaotoka na kuacha wekundu ni fangasi. Ila kuna fangasi sugu asiyefutika, hasa karibu na pembe za mdomo kwa wavutaji. Huyo mpe dawa, umrudishe, na baka likibaki baada ya tiba, sasa una lukoplakia mkononi mwako, hata kama fangasi alikuwepo kweli.

Vuta shavu likaze. Weupe wa kijivu wa pande zote mbili unaopotea shavu likivutwa ni hali ya kawaida kwa watu weusi, na hauhitaji chochote. Rangi ya kahawia au nyeusi kwenye fizi zetu, ikiwa imeenea sawa pande zote, ni rangi ya kuzaliwa. Vidoa vidogo vya manjano ndani ya mashavu, mstari mweupe unaofuata meno yanapokutana, na mabaka ya ulimi yanayohama mahali kila baada ya siku chache: vyote hivyo viache.

Tafuta kinachosugua. Jino lililovunjika, meno bandia yaliyolegea, tabia ya kujing'ata shavu. Na muulize kuhusu vidonge: wapo wanaoweka aspirini kando ya jino linalouma wakidhani itafanya kazi haraka, na aspirini huunguza utando ukawa mweupe.

Kwenye kliniki ya ARV kuna mtego unaostahili maneno zaidi. Mtu mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka anaweza kupata weupe wenye mikunjo ya wima kwenye kingo za ulimi, usiofutika, unaoletwa na virusi vya Epstein-Barr. Huo hauelekei saratani. Unatuambia kinga imeshuka, na hupungua ARV zikifanya kazi. Mtego ni kwamba kila weupe wa ukingo wa ulimi kwa mwenye VVU unabandikwa jina hilo. Kama mgonjwa wako ana miaka kadhaa kwenye dawa, virusi havionekani kwenye kipimo, na baka ni jipya au liko upande mmoja tu, usiliite la VVU. Liko mahali pale pale saratani ya ulimi inapopenda kuanzia. Na kwa ambaye hajapimwa, baka lisiloeleweka ni sababu tosha ya kumshauri apime VVU na kaswende. Kaswende nayo huleta mabaka meupe, na kifua kikuu huleta kidonda cha ulimi kisichopona.

Doa la zambarau kwenye kaakaa au fizi lifikirie kuwa saratani ya Kaposi. Hilo linatoka damu likikatwa, kwa hiyo mpe mgonjwa rufaa bila kuligusa kwa kisu. Taya la mtoto linalovimba haraka na meno kulegea ni jambo lingine tena: limfoma ya Burkitt, saratani ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza kutoka Mulago mwaka 1958. Mtoto huyo asilale kituoni kwako akisubiri miadi.

Wiki mbili, si zaidi

Ukishaona kisababishi kinachowezekana, kiondoe leo. Lainisha jino lenye ncha, rekebisha au vua meno bandia, tibu fangasi kwa siku 7 hadi 14 kwa kufuata mwongozo wa tiba wa Uganda, mshauri aache tumbaku kuanzia sasa. Halafu mpe tarehe ya kurudi baada ya siku 14, iliyoandikwa kwenye karatasi. Kidonda cha kusuguliwa kitakuwa kimepona au kinapona. Baka lililobaki linahitaji kinyama.

Dozi ya pili ya dawa ya fangasi kwa baka lisilobadilika ndiyo hatua mbaya kuliko zote katika safari hii, kwa sababu inaonekana kama tiba.

Wapo ambao hata hizo wiki mbili usiwape. Baka jekundu lisilo na kisababishi. Ugumu chini ya kidole. Kidonda chenye kingo zilizoinuka. Ganzi ya mdomo au kidevu. Jino linalolegea peke yake wakati fizi za jirani ni nzima, au shimo la jino lililong'olewa ambalo halizibi bali linaota nyama. Tezi ngumu ya shingo. Kumeza kwa shida au sauti iliyobadilika. Hao waandikie rufaa siku hiyo hiyo kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, iwe Arua, Gulu, Mbale, Soroti, Jinja, Mbarara au iliyo karibu, na upige simu kabla hawajafika.

Dawa ya rangi ya bluu

Baadhi ya vituo vina toluidini ya bluu. Mgonjwa husukutua maji, kisha asidi ya siki ya asilimia 1, unakausha, unapaka rangi ya asilimia 1, kisha anasukutua tena siki na maji. Sehemu inayobaki na bluu iliyokolea inatiliwa shaka. Lakini kidonda chochote chenye uvimbe hunywa rangi, na baadhi ya mabaka mabaya hayanywi. Itumie kukuonyesha pa kukata, kamwe isitumike kumwambia mtu kwamba yuko salama. Wauguzi waliozoea kupaka siki kwenye mlango wa kizazi kutafuta saratani huuliza kama siki peke yake ingetosha mdomoni. Haijathibitishwa, kwa hiyo tusiitegemee.

Kuchukua kinyama

Jibu la mwisho liko kwenye hadubini. Hakuna jicho, hata la profesa, linaloweza kusema kwa hakika kama seli zimeanza kuharibika.

Kabla ya kisu, zungumza. Hofu utakayoisikia zaidi ni kwamba saratani ikiguswa na chuma inasambaa. Usiicheke. Imetokana na watu waliomwona ndugu akikatwa kinyama na kufariki muda mfupi baadaye, kwa sababu alikuwa amechelewa. Mwambie: "Mama, ninachukua kipande kidogo ili tujue ni nini. Kukichukua hakusambazi ugonjwa. Inawezekana si saratani. Na kama mabadiliko yameanza, leo ni mapema kuliko mwezi ujao." Usimfiche neno saratani, wala usilitumie kumtisha. Pata ridhaa yake kwa maandishi.

Chagua mahali kwa makini, maana kosa hapa linakupa jibu la uongo. Chukua palipo pabaya zaidi: penye wekundu, penye vinundu, palipo pagumu, penye kidonda. Kwenye kidonda, usichukue katikati palipooza. Chukua ukingoni, pamoja na sehemu kidogo ya utando mzima. Baka likiwa kubwa au lenye sura tofauti tofauti, chukua vipande viwili au vitatu, kila kimoja kwenye chupa yake.

Dawa ya ganzi, lignokeini yenye adrenalini, ichome pembeni mwa baka, si ndani yake, ili dawa isiuvuruge mpangilio wa seli. Kata kipande cha upana wa milimita 5 hivi, na kishuke hadi kwenye nyama ya chini ya utando, milimita 3 hadi 5. Kipande kilichokwanguliwa juu juu hakiwezi kumwambia mtaalamu wa patholojia kama seli zimevuka mpaka kushuka chini, na huo ndio mstari unaotenganisha saratani na kinachotangulia saratani. Usikibane kwa koleo. Kishike ukingoni taratibu, au upitishe uzi kabla ya kukikata. Bana kwa gozi, shona.

Jambo moja nawaomba wenzangu: baka dogo la kutiliwa shaka usilikate lote likaisha bila picha wala mchoro. Daktari wa upasuaji atakayempokea mgonjwa atakuta kovu, asijue saratani ilikuwa wapi.

Kilaze kipande kwenye kikaratasi kisijikunje, kisha kitumbukize kwenye fomalini ya asilimia 10, kiasi kisichopungua mara 10 ya ukubwa wa kipande. Si maji ya chumvi, si spiriti, si maji ya bomba. Na kisigandishwe kwenye friza. Andika jina, tarehe na mahali kilipotoka kwenye mwili wa chupa, usiandike kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko vya maabara hubadilishana. Kwenye fomu jaza umri, jinsia, mahali kamili, sura ya baka, tumbaku, pombe, hali ya VVU, na unachokidhania. Fomu iliyoandikwa "kidonda cha mdomo" tu inamfunga macho mwenzako wa maabara.

Kama hujafundishwa kuchukua kinyama, rufaa yenye maelezo kamili ni kazi nzuri vilevile. Usijaribu kwa mara ya kwanza kwenye sakafu ya kinywa, penye mishipa ya damu na mifereji ya mate.

Kuyasoma majibu

Maabara itakuambia kama kuna displasia, yaani seli zilizopoteza mpangilio wake, na ni ya kiwango gani: ndogo, ya kati au kubwa. Displasia ya kati na kubwa kwa kawaida huondolewa kwa upasuaji. Mpe rufaa kwa daktari wa upasuaji wa kinywa. Ndogo inaweza kufuatiliwa kwa karibu mgonjwa akiacha tumbaku na pombe, ingawa kwa baka lililo ukingoni mwa ulimi au chini ya ulimi, au lililozidi milimita 200 za mraba, mimi ningependa daktari huyo huyo alione.

Jibu la "hakuna displasia" lisome ukiwa umeshika mchoro wako. Kama ulichoona kilikuwa kigumu na chekundu na jibu linasema ni salama, jibu halilingani na mgonjwa: huenda kipande kilitoka pasipostahili. Piga simu maabara, zungumza na mtaalamu, rudia kinyama. Kipande kimoja cha milimita 5 hakisemi kwa niaba ya baka la sentimita 3.

Kumfuatilia mtu

Mwenye displasia ya kati au kubwa, hata baada ya kukatwa, aonekane kila baada ya miezi 3. Wengine kila baada ya miezi 6. Kila mara kagua kinywa kizima na shingo kwa mpangilio ule ule, si lile kovu tu, na uweke picha mpya kando ya ya zamani. Sura ikibadilika, chukua kinyama upya bila kujali jibu la mwanzo lilisemaje. Ufuatiliaji huu hauna tarehe ya kwisha. Displasia iliyokatwa hurudi kwa baadhi ya watu baada ya miaka.

Kuacha tumbaku ni tiba, kwa hiyo ipe muda ndani ya miadi. Baadhi ya mabaka hupungua au hutoweka mtu akiacha. Muulize kila anaporudi bila kumfokea, na akikiri kwamba amerudia, mshukuru kwa kusema kweli kisha mpange tarehe nyingine ya kuacha. Mshirikishe mmoja wa nyumbani, akikubali.

Nauli ndiyo inayokatiza ufuatiliaji kuliko ubishi. Ukaguzi wa miezi 3 unaweza kufanyika kituoni kwako ukitumia mchoro na picha, na mgonjwa akasafiri kwenda hospitali ya mkoa pale tu mabadiliko yanapoonekana. Panga tarehe yake iangukie siku anayochukua ARV, au siku ya soko ambayo angekuja mjini hata hivyo.

Fungua daftari moja la mabaka tu, tofauti na rejista ya kawaida ya wagonjwa: jina, kijiji, namba yake na namba ya ndugu, tarehe ya kinyama, tarehe kipande kilipotumwa, tarehe jibu liliporudi, tarehe alipoambiwa, tarehe ya kuonekana tena. Lifungue kila Jumatatu. Safu iliyo tupu inakuonyesha nani wa kumpigia. Jibu likiwa limefika na mgonjwa hajaja ndani ya wiki moja, mpigie, simu isipopatikana, mtafute kupitia VHT wa kijiji chake kwa ujumbe mfupi usiotaja ugonjwa: "Kituo cha afya kinakuomba ufike, njoo na ndugu yako mmoja."